Adabu ya Kupokezana

Dunia imejaa viungo. Mlango umeungwa na mwimo kwa bawaba, mkono umeungwa na bega, usiku umeungwa na mchana kwa alfajiri, na ukoo umeungwa na ukoo kwa ndoa. Kitu kizima hupata sifa mbele ya macho ya watu. Kiungo chake hukumbukwa siku kinapovunjika. Hapana asifuye bawaba mlango unapofunguka vizuri, lakini ikiingia kutu nyumba nzima husikia kilio chake. Hali hii huzusha swali ambalo kijana mwenye kufikiri hana budi kujiuliza: ana heshima gani mtu ambaye kazi yake yote ni kuunga vitu vya wengine, na ambaye akiifanya kwa ukamilifu haonekani kuwa amefanya neno lo lote?

Katika mambo ya furaha, kazi hiyo ni ya mpiga santuri, ambaye vijana wa leo humwita dijei. Yeye haimbi, hapigi gitaa, wala hatungi. Huchukua nyimbo za wengine akazipanga moja baada ya nyingine ili watu wacheze. Katika muziki wa dansi wa kielektroniki, kama vile muziki wa hausi, ustadi wake mkubwa ni kuuingiza wimbo wa pili kabla wa kwanza haujaisha, hata mchezaji asijue mmoja uliishia wapi na mwingine ulianzia wapi. Watu wazima wengi huidharau kazi hii, na vijana wengi huitamani bila ya kuijua. Nadhani pande zote mbili hazijaitazama vya kutosha, maana ndani ya kazi hii ndogo mna somo kubwa la adabu.

Na tutwae mahali pamoja tupatazame. Mashuuru ni mji mdogo wa Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, katikati ya nchi ya malisho ya Wamaasai. Kitengela ni mji mkubwa wa kaunti hiyo hiyo, karibu na Nairobi, wenye maduka, majumba ya kupangisha, na watu wa makabila mengi. Miji hii miwili imo katika jimbo moja la uchaguzi, Kajiado Mashariki, walakini mwendo wa maisha yake si mmoja. Kijana wa Mashuuru akienda Kitengela kusoma au kutafuta kazi, huingia katika mdundo mwingine. Na akirudi nyumbani hurudi na muziki aliousikia huko. Basi siku ya harusi huweza kutokea kwamba uwanja mmoja una ngoma mbili: wimbo wa wazee, akina mama na morani, ambao ala yake ni koo na pumzi, na wimbo wa mashine, ambao ala yake ni spika na jenereta. Hapo swali letu hupata uzito. Nani atangulie, nani anyamaze, na nani aamue?

Ufundi wa kuunga santuri una tarehe yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mpiga santuri wa New York aitwaye Francis Grasso alipata sifa kwa kulinganisha mapigo ya santuri mbili ili dansi isikatike. Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx wa jiji hilo hilo, kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, alipiga santuri katika karamu ya dada yake. Baadaye alivuma kwa kutumia nakala mbili za santuri moja ili kukirefusha kipande cha ngoma kilichopendwa na wachezaji. Tangu mwaka 1977 Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri katika klabu ya Warehouse mjini Chicago, na jina la muziki wa hausi hunasibishwa na klabu hiyo. Watu hawa hawakukumbukwa kwa nyimbo walizozipiga, kwa kuwa nyimbo zile ziliweza kununuliwa dukani na mtu ye yote. Walikumbukwa kwa jinsi walivyozikutanisha.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana hapana hukumu ya haki juu ya jambo lisilojulikana. Mwanafunzi wa kazi hii hufunzwa kwanza kuhesabu. Muziki wa hausi aghalabu huenda mapigo kati ya 120 na 130 kwa dakika. Tuseme wimbo unaochezwa una mapigo 124, na ule unaongoja una 120. Ukiachwa hivyo, wa pili utachelewa mapigo manne katika kila dakika. Baada ya sekunde saba na nusu tu utakuwa nyuma kwa nusu ya pigo, na mguu wa mchezaji hautajua uitii ngoma ipi. Basi mpigaji huongeza mwendo wa wimbo unaongoja kwa mapigo manne juu ya 120, yaani kiasi cha asilimia 3.3, na nyimbo mbili zikaenda bega kwa bega. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1979, iliwekewa kitelezo cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8 na si zaidi. Katika santuri, mwendo ukipanda na sauti hupanda: ongezeko la karibu asilimia 6 huinua wimbo kwa nusu toni, na mwimbaji huanza kusikika kama mtu mwingine. Kwa hiyo kulinganisha kuna mpaka. Ni wema kumwomba jirani aharakishe hatua ili mwende pamoja. Ni ubaya kumharakisha hata akapoteza sauti yake.

Hufunzwa pili kuingia mahali pake. Mapigo ya muziki huu hupangwa manne manne, na mafungu yake hupangwa nane nane, hata ikapatikana sentensi ya mapigo 32. Wimbo uingiao mwanzoni mwa sentensi hupokewa kama mgeni aliyebisha hodi. Wimbo uingiao katikati yake ni kama mtu anayedakia maneno ya mzee kabla mzee hajaimaliza methali yake. Huenda maneno ya mdakizi ni mazuri, lakini ameyaweka mahali pabaya, na uzuri wake umeharibika mkononi mwake mwenyewe.

Hufunzwa tatu kutoa nafasi. Kila wimbo wa dansi una besi yake, yaani sauti nzito itembeayo chini ya sauti nyingine zote na kuusogeza mwili. Sauti nyembamba za nyimbo mbili huweza kukaa pamoja kwa kitambo, kama ndege wengi katika mti mmoja. Besi mbili haziwezi. Zikipigwa pamoja huvurugana, zikawa ngurumo isiyo na maana. Wafugaji wa Kajiado hawahitaji kufafanuliwa jambo hili, maana mafahali wawili hawakai zizi moja. Mpigaji mwenye akili huipunguza besi ya wimbo mpya unapoingia, na pigo la zamu linapofika huishusha ya wimbo wa zamani na kuipandisha ya mpya. Mmoja huacha enzi ili mwingine aishike, na uwanja hauoni pengo wala vita.

Hufunzwa nne kusikiliza kwa masikio mawili. Sikio moja huwa ndani ya hedifoni, likiusikiliza wimbo ambao watu hawajausikia bado. Sikio la pili huwa nje, likiwasikiliza watu. Mpigaji asikilizaye hedifoni peke yake hupiga nyimbo nzuri kwa uwanja uliochoka. Yule asikilizaye uwanja peke yake hukutwa na mwisho wa wimbo hali hajaandaa wa pili. Kazi yake ni kukaa kati ya kilichopo na kinachokuja, asivisahau vyote viwili.

Ukiyatazama mafunzo haya manne utaona kwamba hakuna hata moja lililo la muziki peke yake. Kupima kabla ya kutenda, kungoja zamu, kupisha, na kusikiliza ni adabu za baraza, za meza ya chakula, za kikao cha kijiji na za bunge la taifa. Mtu aliyekosa adabu hizo katika maisha yake atazitafuta katika mashine asizipate.

Walakini kazi hii ina mashtaka mawili, na si haki kuyapita kimya. La kwanza ni kwamba mwungaji ni mwongo, kwa sababu sifa yake ni kuficha. Neno hili lina nguvu kwa nje. Lakini fundi cherahani naye huficha mshono ndani ya kanzu, na hapana amwitaye mwongo. Mfinyanzi huziba ufa wa chungu kwa nta ili akiuze kwa bei ya chungu kizima, naye ni mwongo bila ya shaka. Wote wawili wameficha. Tofauti yao ni faida ya kuficha kwao inamwendea nani. Mshono ulifichwa ili mvaaji apendeze. Ufa ulifichwa ili mnunuzi aibiwe. Dijei afichaye kiungo ili mchezaji asikatizwe furaha yake ni ndugu wa fundi cherahani. Dijei afichaye majina ya watunzi ili aonekane yeye ndiye mwenye nyimbo ni ndugu wa mfinyanzi yule.

Shtaka la pili ni kwamba mwungaji hana kitu chake mwenyewe. Shtaka hili nalijibu kwa mfano kutoka nchi ya Mashuuru yenyewe. Katika wimbo wa Kimaasai huwapo kiongozi aitwaye olaranyani. Yeye huanzisha mstari, na kundi humwitikia kwa mvumo mzito wa koo ambao ndio msingi wa wimbo wote. Wimbo mmoja huweza kuwa na viongozi zaidi ya mmoja, na mmoja akinyamaza mwingine huchukua, wala mvumo wa kundi haukomi. Katika adumu, mchezo wa morani wa kuruka, mmoja au wawili huingia katikati ya duara, wakaruka bila ya visigino kugusa chini. Sauti za wenzao hupanda kwa kadiri ya kuruka kwao. Aliyechoka huondoka, mwingine huingia, na wimbo haukatiki. Ni nani katika hao mwenye wimbo? Hapana mmoja. Hata hivyo hapana aliye bure, kwa maana kila mmoja alijua wakati wake wa kuingia na wakati wake wa kutoka. Kwa hiyo kujua wakati ni mali, ijapokuwa haishikiki kwa mkono. Na kwa hiyo tena, kijana wa Mashuuru ajifunzaye kuunga nyimbo kwa mashine asidhani kwamba amekwenda New York kutafuta maarifa ambayo kwao hayakuwako. Mashine ni ngeni. Adabu ya kupokezana ni ya nyumbani.

Sasa turudi uwanjani kwenye harusi yetu, ambapo pana jambo gumu zaidi. Yamkini kijana atataka kuunga wimbo wa mama zake na mdundo wa hausi. Ataurekodi kwa simu, ataukata kipande, atakitia ndani ya mashine, na kipande kile kitazunguka juu ya besi. Je, amewaheshimu mama zake au amewanyang'anya? Jibu halimo katika uzuri wa kiungo. Kiungo huweza kuwa kizuri na tendo likawa baya, kama vile mwizi huweza kuwa na mwendo mzuri. Jibu limo katika maswali matatu: waliombwa ruhusa? Wametajwa? Na ikipatikana faida, nao wana sehemu yao? Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi imeifanya ridhaa ya jumuiya kuwa jambo la lazima kwa atakaye kuzitumia sanaa zake nje ya desturi. Lakini kijana mwema hangoji sheria imfunze kuwaomba ruhusa mama zake. Sheria huja baada ya adabu kushindwa. Adabu ikisimama, sheria hukaa tu kama mzee aliyepumzika kivulini.

Tena iko haja ya kukumbuka kwamba si kila kitu huungwa. Singeli ya Dar es Salaam aghalabu hukimbia kwa zaidi ya mapigo 200 katika dakika. Atakaye kuulinganisha nao wimbo wa mapigo 124 hana budi kuuongezea mwendo kwa zaidi ya asilimia 60, na hapo wimbo umekufa. Mpigaji mwenye hekima huuacha wa kwanza ukamilike, hutoa nafasi ya kimya, kisha huanza upya. Kimya hicho si kushindwa. Ni heshima kwa vitu viwili visivyolingana. Ndivyo ilivyo kwa wazee wanapotoa baraka, na watu wakaitikia kwa pamoja, "Naai." Mahali hapo mashine haina zamu. Mdundo, hata ukiingizwa polepole na kwa ustadi gani, huigeuza baraka ikawa pambo la karamu. Kuna wakati ustadi wa mwungaji ni kuondoa mkono juu ya mashine na kuvua kofia.

Mtu aweza kusema kwamba mazungumzo haya yamechelewa, kwa kuwa siku hizi mashine zina kitufe ambacho kikibonyezwa hulinganisha mwendo wa nyimbo mbili mara moja. Ni kweli, na si vibaya kukitumia. Lakini tuone kitufe kimeondoa nini na kimebakisha nini. Kimeondoa hesabu ya 124 na 120. Hakikuondoa swali la wimbo gani ufuate, wala kama watu wamechoka, wala kama bibi harusi analia kwa furaha au kwa huzuni ya kuwaacha wazazi wake, wala kama wazee wameinuka kutaka kusema. Mashine hulingana na mashine. Mtu kulingana na watu ni kazi isiyo na kitufe. Kwa kadiri vyombo vinavyozidi kuchukua hesabu zetu, ndivyo tunavyobakiwa na hukumu peke yake. Na mwenye hukumu mbovu hupungukiwa na kitu pa kujisingizia.

Natoka katika muziki niseme neno moja juu ya ninyi mnaosoma. Kila kizazi ni wimbo unaoingia hali mwingine bado unachezwa. Wamaasai walilijua hili zamani, wakaliwekea sherehe. Kwa enkipaata wavulana huandaliwa kuingia katika rika. Kwa eunoto morani huuaga umorani. Na kwa olng'esherr huingia katika uzee. Sherehe hizo tatu ziliandikwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, kwa sababu ziko hatarini kupotea. Ukizitazama vizuri utaona mafunzo yale yale manne: kupimwa, kungoja zamu, kupisha, na kusikiliza. Rika jipya haliingii kwa kulipiga teke rika la zamani, na rika la zamani halikai katikati ya duara mpaka liangushwe. Kuna kitambo ambapo yote mawili husikika pamoja, na katika kitambo hicho amani ya nchi hupatikana au hupotea.

Vijana hulaumiwa kwamba wana haraka, na lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini wako na wazee walioshika besi wasiotaka kuiachia, na hao nao huharibu ngoma. Mwenye kuingia kabla ya wakati na mwenye kukataa kutoka kwa wakati ni washirika katika kosa moja: kila mmoja amedhani kwamba wimbo ni yeye. Wimbo si yeye. Wimbo ulikuwako kabla yake, na akijaliwa kutenda vyema utakuwako baada yake.

Basi heshima ya mwungaji ni nini? Ni kwamba alipewa vitu viwili vya watu, akavikutanisha, na hapana kimoja kilichodhulumiwa. Huenda asitajwe. Wachezaji watakwenda zao na jasho lao na kicheko chao, wakisema kwamba usiku ulikuwa mfupi. Neno hilo, usiku ulikuwa mfupi, ndilo sifa yake, ijapokuwa halina jina lake ndani. Apendaye kuonekana atalichukia. Apendaye kufaa litamtosha. Na katika nchi yenye watu wengi, lugha nyingi na rika nyingi, wapendao kufaa ndio bawaba ambazo juu yake mlango wa wote hufunguka.